Viwanja vipo, ndege haba: Kaunti ziombe nini zinaposaka fedha za umma?

MNAMO Julai 2017, majuma machache kabla ya uchaguzi mkuu, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta alifungua rasmi Uwanja wa Kimataifa wa Ndege wa Isiolo.

Mradi huo ulikuwa umegharimu takriban Sh2.7 bilioni. Jengo la abiria lilikuwa na uwezo wa kuhudumia watu 125,000 kwa mwaka. Kwa wakazi wa eneo ambalo kwa miongo mingi lilijihisi kusahauliwa na serikali, siku hiyo ilikuwa ya matumaini makubwa.

Wakulima wa miraa katika kaunti jirani ya Meru walitarajia kwamba zao lao lingesafirishwa moja kwa moja kutoka Isiolo. Wafugaji walitarajia kuuza nyama katika nchi za nje. Nao wenye hoteli katika mbuga za Samburu, Buffalo Springs na Shaba walitumai kwamba watalii wengi zaidi wangefika bila kukaa barabarani kwa saa nyingi.

Hata hivyo, katika miaka iliyofuata safari za ndege za ratiba zilikuwa chache mno zikilinganishwa na uwezo wa jengo hilo. Miraa iliendelea kubebwa kwa pikapu ziendazo kasi hadi Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 300, ili ipakiwe katika ndege kwenye uwanja wa Wilson.

Kisa cha Isiolo kinafaa kuzingatiwa na kila kaunti inayoiomba serikali fedha za kujenga au kupanua uwanja wa ndege. Kinaonyesha kwamba kupata uwanja si sawa na kupata ndege. Maombi mengi ya fedha za umma hulenga jambo la kwanza, huku la pili likiachiwa bahati.

Aina mbili za maombi

Fedha za umma katika sekta hii zinaweza kuombwa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuomba miundomsingi: njia ya kurukia ndege, jengo la abiria, taa za kuongoza marubani usiku, ua, gari la zimamoto na ghala la baridi la kuhifadhi mazao. Fedha hizi hutumika mara moja, kazi huonekana kwa macho, na mwishowe kiongozi hukata utepe.

Njia ya pili ni kuomba huduma yenyewe. Hapa serikali au kaunti hukubali kubeba sehemu ya hasara ambayo kampuni ya ndege inaweza kupata inapoanza kuhudumia mji mpya. Inaweza kuahidi kufidia viti vitakavyobaki tupu kwa muda maalumu, kuondoa ada za kutua, au kulipia matangazo ya safari hizo.

Nchini Kenya, njia ya kwanza ndiyo iliyozoeleka. Ya pili haijashika mizizi, ingawa imetumiwa kwa miaka mingi na mataifa mengine, yakiwemo Marekani na India, na matokeo yake yamechunguzwa kwa kina.

Anayeshika mfuko

Kaunti inayotaka uwanja hukumbana kwanza na Katiba. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka usafiri wa ndege miongoni mwa majukumu ya serikali ya kitaifa, pamoja na reli na barabara kuu. Serikali za kaunti zilipewa barabara za kaunti, uegeshaji wa magari, feri na mambo mengine ya usafiri wa mashinani.

Viwanja vikuu husimamiwa na Halmashauri ya Viwanja vya Ndege (KAA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1991. Usalama wa ndege na utoaji wa leseni ni kazi ya Halmashauri ya Usafiri wa Ndege (KCAA).

Kwa sababu hiyo, gavana hawezi kuamua peke yake kurefusha njia ya ndege jinsi anavyoweza kuamua kujenga soko. Hana budi kuishawishi Wizara ya Uchukuzi, KAA, Wizara ya Fedha na hatimaye Bunge.

Ushawishi huo una majira yake. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na Katiba inataka makadirio ya matumizi yawasilishwe katika Bunge la Taifa angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kumalizika, yaani kufikia mwisho wa Aprili. Kabla ya hapo wizara huwa zimekwisha kupimana nguvu kuhusu mgao wa kila sekta, na umma huwa umealikwa kutoa maoni.

Kaunti inayoanza kupaza sauti mwezi Mei huwa imechelewa. Kazi ya kweli hufanyika miezi mingi kabla ya hotuba ya bajeti, wakati wataalamu wa wizara wanapoamua ni mradi upi una hesabu zinazoeleweka na upi ni ahadi ya jukwaani tu.

Aidha, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza kaunti kutumia fedha za umma nje ya mipango iliyoidhinishwa. Ikiwa kaunti inataka kuchangia chochote, iwe ni barabara ya kuingia uwanjani au ghala la mazao, jambo hilo linapaswa kuwemo katika mpango wake wa maendeleo wa miaka mitano.

Ardhi kwanza

Hata fedha zinapopatikana, ardhi inaweza kuukwamisha mradi. Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema kwamba mtu anayenyang'anywa ardhi kwa manufaa ya umma lazima alipwe fidia ya haki, kikamilifu na bila kucheleweshwa.

Kutekeleza kifungu hicho kumekuwa kazi ngumu. Huko Isiolo kwenyewe, baadhi ya familia zilihamishwa ili kupisha upanuzi wa uwanja, na suala la mahali pa kuwapa makao mapya likazua mivutano ya muda mrefu.

Mjini Malindi, wenye hoteli wamelilia kwa miaka mingi kurefushwa kwa njia ya kurukia ndege, ambayo ina urefu wa takriban kilomita 1.4, ili ndege kubwa za watalii zitue huko badala ya Mombasa. Mpango huo ulijadiliwa na serikali moja baada ya nyingine huku ukigonga mwamba wa ardhi na fidia.

Funzo hapa ni kwamba ombi la fedha lisilotenga pesa za kuwalipa wenye ardhi halijakamilika. Familia iliyobomolewa nyumba ikabaki kusubiri hundi imekwisha kulipia uwanja huo kuliko mtu mwingine yeyote.

Hewa nyepesi, njia fupi

Uwanja wa Isiolo ulifunguliwa ukiwa na njia ya kurukia ndege yenye urefu wa kilomita 1.4 pekee. Urefu huo unatosha ndege ndogo na baadhi ya ndege za wastani zinazotumia pangaboi. Hautoshi ndege kubwa za mizigo.

Sababu yake ni ya kisayansi. Mji wa Isiolo uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na jua lake ni kali. Kadiri mahali palivyo juu na penye joto, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Mabawa ya ndege huinuliwa na hewa, kwa hivyo hewa ikiwa nyepesi ndege hulazimika kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Njia ikiwa fupi, rubani hana njia nyingine ila kupunguza abiria, mafuta au mizigo.

Kwa hivyo, jengo lililosanifiwa kupokea maelfu ya watu liliwekwa kando ya njia ambayo haikuweza kubeba shehena iliyotajwa kuwa mojawapo ya sababu za kujengwa kwake. Miraa hupoteza nguvu na bei yake ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa. Mfanyabiashara wake hahitaji jengo la kupendeza. Anahitaji ndege inayoondoka saa ile ile kila siku ikiwa imebeba mzigo wa kutosha.

Soko lenyewe pia lilikuwa limeyumba. Uholanzi na Uingereza zilikuwa zimepiga marufuku miraa kabla ya uwanja kufunguliwa, Uingereza ikifanya hivyo Juni 2014. Somalia, iliyobaki kuwa mnunuzi mkuu, ilizuia zao hilo kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022.

Zaidi ya hayo, katika miaka hiyo hiyo serikali ilikamilisha lami ya barabara kuu kutoka Isiolo kupitia Marsabit hadi Moyale, takriban kilomita 500. Barabara hiyo ilikuwa baraka kwa wananchi, lakini pia ilimpa msafiri wa kaskazini chaguo la basi lenye nauli nafuu kuliko ndege.

Eldoret na Kisumu

Isiolo haikuwa ya kwanza. Katika miaka ya tisini, serikali ya Rais Daniel arap Moi ilijenga uwanja wa kimataifa mjini Eldoret, ukaanza kutumika mwaka wa 1997. Wafadhili wa kigeni waliupinga mradi huo wakisema kwamba nchi ilikuwa na mahitaji ya dharura zaidi, nao wakosoaji wakadai ulikuwa wa kisiasa.

Uwanja huo ulipewa njia ya takriban kilomita 3.5. Licha ya urefu huo, Eldoret iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na ndege kubwa iliyojaa shehena hupata shida kupaa kutoka hapo. Ndiyo maana viongozi wa eneo hilo wameendelea kuomba njia irefushwe zaidi.

Kwa miaka mingi ndege za mizigo zilitua Eldoret zikiwa zimejaa nguo na vifaa vya elektroniki kutoka Dubai na Asia, bidhaa zikapakiwa katika malori kwenda Nairobi, na ndege zikaondoka tupu. Mkulima wa Uasin Gishu au Nandi alizisikia zikipita juu ya shamba lake, lakini hazikubeba chochote alichopanda.

Kisumu ni kisa tofauti. Uwanja wake ulipanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na njia yake ikarefushwa kutoka takriban kilomita 2 hadi 3.3 kabla ya kuzinduliwa upya na serikali ya Rais Mwai Kibaki. Leo kampuni kadhaa za ndege hushindania abiria kati ya Kisumu na Nairobi kila siku.

Tofauti haikuletwa na saruji. Kabla ya upanuzi, Kisumu tayari ilikuwa na watu waliokuwa wakisafiri: wafanyabiashara, maafisa wa serikali na mashirika, wahadhiri, wagonjwa, na familia zinazokwenda mazishini. Safari ya barabarani ni ndefu na ya kuchosha. Upanuzi uliondoa kikwazo kilichokuwa kikiwazuia watu ambao tayari walitaka kuruka.

Mwaka wa 2014 kampuni ya Jambojet ilipoanza biashara kwa nauli nafuu, Kisumu, Eldoret na Mombasa ndizo zilizokuwa safari zake za kwanza. Mfanyabiashara hufuata abiria anayeweza kuhesabika.

Hesabu za kampuni ya ndege

Ili kuelewa kwa nini kampuni ya ndege husita kwenda mji mpya, mfano wa kubuni unaweza kusaidia.

Chukulia kwamba ndege ya viti 50 hugharimu Sh250,000 kwa safari moja ya kwenda, ukijumlisha mafuta, mishahara, ukodishaji, bima na ukarabati. Kama kampuni inabaki na Sh6,000 kwa kila tikiti, itahitaji abiria 42 ili kurudisha gharama. Wakipatikana 20 pekee, itakusanya Sh120,000 na kupoteza Sh130,000.

Ndege ikienda na kurudi siku nne kwa juma, hasara itakuwa takriban Sh1 milioni kwa juma, au Sh54 milioni kwa mwaka. Hakuna kampuni inayoweza kuvumilia hali hiyo kwa muda mrefu, hasa kampuni za humu nchini ambazo hulipia ndege na vipuri kwa dola huku zikiuza tikiti kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2024, dola moja ilipofikia takriban Sh160, mzigo huo ulikuwa mzito zaidi.

Kutokana na hali hiyo, mduara huanza. Kampuni huanza na safari mbili kwa juma ili kupunguza hasara. Msafiri mwenye shughuli Jumatano hupata kwamba ndege ni ya Ijumaa, akapanda basi. Viti hubaki tupu, kampuni huondoka, na wakazi huambiwa kwamba hawapendi kusafiri kwa ndege.

Sh54 milioni za mfano huu ni fedha nyingi. Lakini zikilinganishwa na Sh2.7 bilioni zilizojenga uwanja wa Isiolo, kiasi hicho kingelipia hasara ya aina hiyo kwa miaka 50. Ulinganisho huu hauna maana kwamba ruzuku ichukue nafasi ya ujenzi, kwa sababu ndege haiwezi kutua hewani. Unaonyesha tu jinsi sehemu ndogo ya bajeti inavyoweza kuamua iwapo ile kubwa itakuwa na faida.

Kwa njia isiyo ya moja kwa moja, mlipa ushuru wa Kenya tayari yumo katika biashara hii. Baada ya marekebisho ya kifedha ya Kenya Airways mwaka wa 2017, serikali ilibaki na asilimia 48.9 ya hisa za kampuni hiyo, ambayo ndiyo inayomiliki Jambojet. Lakini fedha hizo zilikusudiwa kuokoa kampuni, si kuhakikisha kwamba mji fulani unahudumiwa.

Mbinu za Marekani

Marekani ilikabiliana na suala hili mwaka wa 1978, ilipoondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli na safari za ndege. Bunge la nchi hiyo lilihofia kwamba kampuni zingekimbilia miji mikubwa. Likaanzisha mpango wa kuzilipa ruzuku zile zinazokubali kuhudumia miji midogo iliyokuwa na ndege wakati huo. Mpango huo ungalipo hadi leo na unahusu zaidi ya miji 100.

Mwaka wa 2000 ulianzishwa mpango wa pili, ambao una mafunzo zaidi kwa kaunti za Kenya. Chini ya mpango huu, anayeomba fedha ni mji wenyewe wala si kampuni ya ndege. Miji hushindana, na kwa mwaka mmoja haiwezi kuchaguliwa zaidi ya 40, wala zaidi ya minne kutoka jimbo moja.

Mji hulazimika kueleza upungufu ulio nao, kwa mfano nauli zilizo juu kuliko kwingine, na jinsi fedha zitakavyotumiwa. Hupewa kipaumbele unapochangia pesa zake kutoka vyanzo vya mashinani na unapoonyesha kwamba wafanyabiashara wa eneo hilo wameungana na serikali katika ombi hilo.

Matokeo yake yamekuwa ya kuchanganya. Mwaka wa 2005, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilichunguza miradi 23 iliyokuwa imekamilika. Mingi ilikuwa imeongeza safari au kupunguza nauli wakati ruzuku ikiendelea, lakini ni takriban nusu tu iliyoweza kujitegemea baada ya fedha kwisha.

Ipo miji iliyofaulu kwa juhudi zake. Wichita, katika jimbo la Kansas, iliahidi kampuni ya nauli nafuu ya AirTran dhamana ya mapato mwaka wa 2002, nauli za juu zilipokuwa zikiwafanya wakazi kuendesha magari hadi viwanja vya mbali. Baadaye jimbo lenyewe likaanza kuchangia. AirTran iliponunuliwa na Southwest, kampuni hiyo kubwa ilianza kuhudumia Wichita mwaka wa 2013.

Funzo la India

India, ambayo hali zake zinakaribiana zaidi na za Kenya, ilizindua mpango wake unaojulikana kama UDAN mwaka wa 2016. Ndege ya kwanza chini ya mpango huo iliruka Aprili 2017 kati ya mji wa milimani wa Shimla na Delhi.

Kampuni za ndege hushindania safari kwa kutaja ruzuku ndogo kabisa zinayoweza kukubali. Inayoshinda hupewa haki ya kuhudumia safari hiyo peke yake kwa miaka mitatu, na hutakiwa kuuza sehemu ya viti kwa nauli isiyozidi kiwango kilichowekwa. Fedha hutokana na ada inayotozwa safari za miji mikubwa, na serikali za majimbo huchangia sehemu yake.

Hata hivyo, ripoti ya mkaguzi mkuu wa India iliyotolewa mwaka wa 2023 ilionyesha kwamba njia hii nayo ina mitego. Kati ya safari 774 zilizotolewa katika awamu tatu za kwanza, 403 hazikuwahi kuanza. Kati ya 371 zilizoanza, ni 112 pekee zilizomaliza miaka mitatu ya ruzuku. Kufikia Machi 2023, zilizokuwa zikiendelea baada ya muda huo kwisha zilikuwa 54.

Takwimu hizo ni onyo kwa anayedhani kwamba ruzuku ni dawa ya kila ugonjwa. Lakini zina faida moja kubwa: Wahindi wanajua ni safari zipi zilizofaulu, zipi zilizofeli na kwa kiasi gani, kwa sababu kila mkataba ulikuwa na muda na masharti yaliyoandikwa. Jengo la abiria halina tarehe ya kwisha. Linaweza kukaa kimya kwa miaka kumi bila yeyote kutakiwa kujieleza.

Nani anastahili?

Lipo swali ambalo mlipa ushuru ana haki ya kuuliza. Kwa nini mama anayeuza mboga sokoni, ambaye hajawahi kupanda ndege, achangie kiti cha mtu anayeruka kwenda mkutanoni Nairobi?

Jibu linategemea mahali. Kwa mji ulio kando ya barabara nzuri, saa chache kutoka Nairobi, swali hilo ni gumu kujibika. Kwa Mandera, iliyo umbali wa takriban kilomita 1,000 kutoka jiji kuu, jibu ni jepesi zaidi.

Novemba 2014, watu 28 waliuawa katika Kaunti ya Mandera baada ya basi lililokuwa likielekea Nairobi kutekwa na magaidi. Tangu hapo, kwa mwalimu au daktari kutoka maeneo mengine anayefanya kazi huko, ndege imekuwa karibu njia pekee ya kwenda nyumbani likizoni. Nauli inapopanda au safari zinapokatizwa, athari zake huonekana darasani na wodini, hata kwa yule ambaye hatawahi kupanda ndege maishani.

Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya kutumia fedha za umma: kwamba huduma hiyo inashikilia mambo mengine ambayo serikali imekwisha kuahidi, kama vile shule na hospitali. Fahari ya kuwa na uwanja wenye jina la kimataifa si hoja.

Yanayopaswa kuwemo katika ombi

Kutokana na visa hivi, ombi la kaunti linaloweza kusimama mbele ya wizara na Bunge linapaswa kuwa na mambo kadhaa.

La kwanza ni idadi ya wasafiri na tani za mizigo zilizopo sasa, si zile zinazotarajiwa. Kaunti inaweza kuhesabu tikiti za basi, kuwauliza wenye hoteli na hospitali, na kujua malori mangapi ya mazao huondoka kila juma na kuelekea wapi.

La pili ni kutaja kikwazo chenyewe. Ikiwa ndege haziji kwa sababu njia ni fupi, basi kaunti iombe njia na jengo la abiria lisubiri. Ikiwa njia inatosha lakini kampuni zinaogopa hasara, iombe dhamana ya mapato badala ya saruji zaidi. Ikiwa samaki au maparachichi yanaharibika yakisubiri ndege, ghala la baridi litafaa kuliko vyote viwili.

La tatu ni mchango wa wenyeji. Chama cha wafanyabiashara kinachoahidi kununua idadi fulani ya tikiti kwa mwaka huishawishi kampuni ya ndege kuliko hotuba kumi za wanasiasa. Wanaochangia chao pia huwa wakali wa kufuatilia matumizi.

La nne ni muda. Katika nchi za Muungano wa Ulaya, mkataba wa kuhudumia eneo la mbali kwa kawaida hauwezi kuzidi miaka minne kabla ya kushindaniwa tena. Ruzuku isiyo na tarehe ya kwisha hugeuka kuwa haki ya kampuni, na kuiondoa huwa vigumu.

La tano ni uwazi. Idadi ya abiria, fedha zilizolipwa na safari zilizoahirishwa zinapaswa kutangazwa mara kwa mara ili wananchi waone wanachonunua.

Masharti haya yangeweza kuokoa fedha nyingi iwapo yangetimizwa kabla ya ujenzi kuanza. Mkulima wa Maua angeulizwa anavuna kilo ngapi, anauza wapi na ndege ya ukubwa gani inaweza kubeba mzigo huo. Jibu lake lingeamua urefu wa njia kabla ya mtu yeyote kuchora ukubwa wa jengo.

Isiolo bado ina nafasi ya kufaulu. Uwanja upo, barabara za kuufikia zipo, na mazao na mifugo ya eneo hilo hayajatoweka. Ombi linalofuata kutoka huko, kama yale yatakayotoka kaunti nyingine, litapimwa kwa swali moja tu: baada ya utepe kukatwa na wageni kuondoka, ni nani atakayepanda ndege siku inayofuata?